Barua ya wazi kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mtwara

Ndugu Mrajis Msaidizi,

Nakuandikia kutoka Tandahimba, ambako msimu wa korosho ukikaribia watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kipimo cha bakuli nje ya mfumo rasmi, huanza kupita nyumba kwa nyumba. Wanajua nani anadaiwa ada ya mtoto na nani ana mgonjwa. Fomu hawana, bakuli na fedha taslimu vinawatosha.

Adha kama hiyo ndiyo iliyozaa mojawapo ya benki kubwa za Ulaya, Rabobank ya Uholanzi. Friedrich Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji maskini huko Ujerumani njaa ya 1846 na 1847 ilipopiga, akaona wakulima walivyonaswa na wakopeshaji. Mwaka 1864 alianzisha chama cha kukopeshana pale Heddesdorf. Wanachama walikuwa watu wa eneo moja, kila mmoja akidhamini madeni ya chama kwa mali yake yote, na faida ikiwekwa akiba badala ya kugawanywa. Shamba lako likiwa dhamana ya deni la jirani, utafuatilia kama jirani analima au anakunywa. Ujanja wote ulikuwa hapo.

Waholanzi wakaiga katika miaka ya 1890. Mwaka 1972 makundi mawili, la Utrecht na la Eindhoven, yakaungana, ndiyo Rabobank hiyo. Ikavuka bahari kufuata biashara ya kilimo na chakula hadi Marekani na Australia, na mwaka 2005 ikaongoza kundi lililonunua asilimia 49 ya benki yetu ya NMB. Wangapi huku wenye akaunti NMB walijua kwamba mbia wake mkubwa wa wakati huo alianza kama chama cha wakulima?

Kisha 2013 ikapigwa faini ya zaidi ya dola bilioni 1, kwa kuwa wafanyakazi wake walichezea viwango vya Libor, vilivyotumika kupangia riba za mikopo duniani. Mfugaji wa Uholanzi, mwanachama halali, angeyajuaje ya huko?

Sasa nasi tunayo Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025, na TACOBA, benki yetu ya jamii ya hapa Tandahimba, imo ndani yake. Nimefurahi, tena sana. Lakini karatasi yangu ya malipo ya msimu uliopita ina mstari ulioandikwa "makato mengineyo". Nilimuuliza karani wa chama kama humo mna hisa za benki, akasema nisubiri mkutano mkuu. Mkutanoni taarifa ya fedha ilisomwa mbiombio, soda zikagawiwa, tukatawanyika.

Ombi langu: kabla ya mnada wa kwanza, agiza kila AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ibandike ghalani chama kina hisa ngapi benki, zimenunuliwa kwa fedha ipi, na nani anakwenda kupiga kura huko benki kwa niaba yetu. Makato ya hisa yawe na mstari wake. Na mikopo midogo itoke Agosti, kabla bakuli la kangomba halijafika mlangoni.

Wako katika ushirika,
Mkulima wa korosho, Tandahimba