Kinyama cha kipimo kisikae bila dawa

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Mie fundi wa maabara hapa Unguja, naomba nilisemee hili maana linaniuma. Kinyama cha kipimo, yaani kile kipande kidogo anachokatwa mgonjwa kikapimwe maradhi, kikishakatwa kitiwe fomalini (dawa ya kuzuia kuoza) asilimia 10 hapo hapo, tena nyingi, mara 10 ya ukubwa wake, kisiwekwe kwenye maji ya chumvi kusubiri boti ya kukileta maabara. Juzi nimepokea kimoja kutoka Pemba kimeshaanza kuoza, nikakitia rangi, hematoksilini na eosini, viini vya seli ambavyo hutoka zambarau iliyokoza vikawa ukungu mtupu, hata darubini ya kidijitali haikusaidia kitu. Bibi wa watu, mwenye kinyama hicho, kaitwa kukatwa tena, miaka yake ile! Vituo vipewe fomalini jamani, na chupa za mdomo mpana, kinyama kikishakazana ndani ya chupa nyembamba hakitoki kizima.