Kupenda usafi sio OCD

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko sekondari na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila ile makala ya Jumamosi ya mapambo ya nyumba imenishinda. Yule dada aliyepanga vikombe kabatini kwa rangi, mwandishi wenu kaandika eti "ana OCD kidogo", na picha juu anacheka. OCD ni ugonjwa wa akili, wazo la hofu linakung'ang'ania mpaka unajikuta unalazimika kurudia kitendo kilekile ili litulie. Mbona hamuandiki fulani ana kifafa kidogo?

Mdogo wangu wa kiume anao huu ugonjwa, mwaka wa 9 sasa. Chumba chake ukiingia utashangaa, nguo chini, sahani za juzi, kitanda hakijatandikwa, maana muda wa kutandika anautoa wapi? Usiku akifunga kofuli la geti analivuta mara nne, anafika mlangoni, anarudi, anavuta tena, kidoleni pameota sugu. Wiki iliyopita nimetoka nje saa saba usiku nikamkuta kasimama pale kwenye mvua, simu kaibana kwa meno inamulika kofuli, akaniambia dada najua limefungwa, nimeliona, lakini nikiondoka nawaona mmechinjwa wote na kosa ni langu. Anajua! Hapo ndo watu hawaelewi, analivuta apate dakika mbili za kupumua tu, halafu ule unafuu ndo unalipa lile wazo nguvu ya kurudi. Wapo wanaorudia udhu mpaka swala inawapita, wapo wanaohesabu kimoyomoyo na huwezi kujua kitu. Daktari alituambia inapatikana kwa kama watu 2 kwenye kila 100, na moja ya vitu wanavyoangalia ni kama inakula zaidi ya saa 1 kwa siku au inavuruga maisha. Vikombe vya dada yenu vinakula saa ngapi?

Halafu huko mtaani nikitaja OCD wanadhani namsema mkuu wa polisi wa wilaya. Shangazi anasema ni jini, mbuzi wawili wameshaenda kwa mganga. Na muuza duka la dawa mmoja aliinua boksi juu mbele ya foleni nzima akauliza hii ya vichaa ni ya nani, mdogo wangu akatoka bila dawa, na zile dawa zinataka wiki nyingi mfululizo ndo zifanye kazi.

Sasa hivi yuko kwenye mazoezi na mtaalamu, anafunga mara moja anaondoka, hofu inampanda mpaka jasho, anakaa nayo ishuke yenyewe. Juzi alikaa dakika 40 bila kurudi getini, nikalia jikoni.

Yule dada andikeni anapenda usafi, inatosha. Na mwandishi wenu namkaribisha kwetu usiku mmoja, aje saa nne na saa yake mkononi, akae barazani aandike anachokiona, chai nitapika. Ombi langu moja tu, mdogo wangu akimuuliza kama kofuli limefungwa, asimjibu. Tukimhakikishia tunamrudisha nyuma.

Msomaji wenu, Tanga