Nuru, naomba ile picha

Shoga yangu Nuru,

Hujambo mpenzi? Mtoto hajambo? Mama yako ameshapona mguu? Mimi ni mzima wa mwili. Najua kimya changu kimekuumiza, na Zuhura aliponiambia kwamba umeacha hata kuniulizia, sikuwa na la kujitetea. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Leo siifuti, kwa sababu nina shida ambayo ni wewe tu unayeweza kunitatulia, na pia nimechoka kukuficha.

Naomba picha. Ile tuliyopigwa barazani siku mvua ilipotukatiza safari, wewe umenishika bega, mimi namcheka Zuhura. Najua unayo, maana hufuti kitu wewe. Zangu nilizifuta zote. Zote, Nuru, za miaka yote, kwa kuwa kila nikizifungua nilikuwa naona vile vishimo viwili chini ya macho tu, sioni kingine. Sasa daktari ananiuliza, "Una picha yako ya kabla?" na mimi sina hata moja.

Kabla ya nini? Hapo ndipo kwenye habari yenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilichomwa fila chini ya macho, ile jeli ya sindano ya kujazia vishimo vya uso. Hukujua. Hakuna aliyejua ila Rehema, aliyenipeleka. Nilichoka kuulizwa kama nimelala, kama naumwa, kama kuna msiba. Mchomaji akaniambia ni jeli salama, ndani ya mwaka itakuwa imeyeyuka yenyewe, nisipoipenda nisubiri tu. Na miezi ya mwanzo, nikuambie ukweli, nilipendeza. Wewe mwenyewe ulinisifu siku moja, ukasema naonekana nimepumzika. Nilifurahi mno, na palepale nikajisikia vibaya kwamba nimekudanganya.

Kisha zikaanza asubuhi za kuamka na vifuko. Jeli ile huvuta maji, Nuru, ndiyo kazi yake, na ngozi ya pale ni nyembamba mno. Nikilala vibaya inavimba, nikilia inavimba. Halafu ikaja rangi, bluu ya kijivu hivi, kama damu iliyovilia ikakataa kuondoka. Mimi nikadhani ni ule weusi wangu wa zamani umerudi. Nikarudi kwa mchomaji yuleyule, naye akasema imepungua, tuongeze. Tukaongeza. Rangi ikazidi. Mwaka uliofuata tukaongeza tena.

Kumbe rangi ilitoka kwenye jeli yenyewe! Ikikaa karibu na juu ya ngozi, mwanga ukiipiga, ile sehemu ya bluu ndiyo hutawanyika zaidi na kurudi kwa anayekutazama. Wanaiita kwa jina la John Tyndall, mwanasayansi wa karne ya 19 aliyechunguza jinsi mwanga unavyotawanyika. Daktari alinieleza akinichorea kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nasikiliza huku moyo unaniuma, kwa sababu maana yake ni kwamba nilikuwa natibu ugonjwa kwa kuongeza kilekile kilichouleta. Mara mbili.

Na ile habari ya mwaka mmoja haikuwa kweli kwangu. Siku hizi madaktari wanawapima watu kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na kukuta fila bado ipo chini ya macho miaka kadhaa baada ya kuchomwa. Pale uso hautikisiki kama mdomoni, jeli inakaa tu.

Sasa unajua kwa nini sikuja ulipojifungua. Nilikwambia nina homa. Sikuwa na homa. Niliamka siku ile macho yamevimba, kushoto kuliko kulia, nikawaza jinsi watu wote watakavyonitazama chumbani, nikavua nguo nikarudi kitandani. Wewe ulikaa na mimi hospitali usiku mzima nilipofanyiwa upasuaji, na mimi kuja kumshika mwanao nikashindwa kwa sababu ya vifuko viwili. Ndiyo maana pia kamera ya simu yangu "iliharibika" mwaka mzima. Nisamehe. Siombi uniambie kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu.

Basi, niliamua kuitoa. Daktari niliyempata safari hii ni wa macho, amebobea kwenye kope. Swali lake la kwanza lilikuwa nimewekewa nini hasa, jina lake, na kama nilipewa kadi yenye namba ya sindano. Sikuwa na kadi wala jina. Nilimpigia yule mchomaji, simu haikupokelewa tena. Na swali hili si la kujaza fomu, Nuru, nisikilize kwa sababu ya yule mdogo wako anayetamani. Fila inayoweza kuyeyushwa ni ile ya asidi ya hayaluroniki. Ukiwekewa ile ya kalisiamu, au silikoni, au mafuta uliyotolewa mwilini mwako, dawa ya kuyeyusha haigusi kitu. Wengine huishia kwenye kisu. Nilikaa siku tatu nikisubiri kupimwa kwa ultrasaundi, bila usingizi. Walipopitisha kile kifaa juu ya shavu, vikaonekana vidimbwi vyeusi, na daktari akasema kwa mwonekano wake ni ile inayoyeyuka. Nililia pale kitandani kwa shukrani.

Dawa yenyewe inaitwa hayaluronidasi, ni kimeng'enya kinachoikatakata ile jeli ili mwili uichukue. Kwanza aliniuliza kama nimewahi kudhurika nikiumwa na nyuki, maana anayedhurika na sumu ya nyuki anaweza kudhurika na dawa hii. Kisha akanijaribu kidogo mkononi, tukangoja nusu saa. Sindano inachoma, sikufichi, inawaka kama moto mdogo, halafu anakanda kwa kidole. Jioni nilikuwa nimevimba kuliko siku zote. Kesho yake uvimbe ukaanza kushuka, na siku ya tatu nikasimama mbele ya kioo.

Hapa sijui niandike vipi. Bluu ilikuwa imeondoka. Vifuko vimeondoka. Lakini ngozi ilikuwa imelegea, ina mikunjo midogo, na vishimo niliviona virefu kuliko nilivyovikumbuka. Nilisoma mambo ya watu wanaosema dawa hii inakula uso wako pamoja na fila. Nikampigia daktari usiku. Hakunikasirikia. Akasema mwili wenyewe unatengeneza asidi hiyohiyo kila siku: mtu wa kilo 70 anayo kama gramu 15, na karibu theluthi moja huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Dawa inagusa na ya kwangu, ndiyo, lakini ya kwangu inarudi, ya sindano hairudi. Na ngozi iliyokuwa imetanuliwa miaka mitatu inahitaji muda. Kisha akaongeza neno ambalo bado linanizunguka kichwani: "Unalinganisha na kumbukumbu. Nipe picha."

Ndiyo hiyo picha ninayokuomba. Leo ni wiki ya pili. Upande wa kulia pamebaki kiuvimbe, na kwenye ultrasaundi inaonekana jeli kidogo sana. Daktari hataki kuchoma dawa zaidi ya inavyohitajika, anataka ajue kama kile kiuvimbe ni fila au ni mimi, nilivyozaliwa. Mimi mwenyewe sijui. Hebu fikiria, nimeishi na uso huu miaka yote na siwezi kumjibu mtu jicho langu la kulia lilikuwaje. Mama yangu angejua. Vishimo hivi ni vyake, alikuwa navyo hivihivi, na sikumbuki siku hata moja nilipomwona mbaya.

Nilisoma pia kwamba asidi hii iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer, waliitoa kwenye ute wa ndani ya jicho la ng'ombe. Yaani kitu kilichoanzia jichoni. Sijui kwa nini habari hiyo ilinigusa, lakini nilitaka kukusimulia wewe, kama nilivyokuwa nakusimulia kila kitu zamani.

Rehema sijamlaumu, na wewe usimseme. Naye anazo, tena anataka kuongeza. Nimemwambia jambo moja tu: akichomwa akaona ngozi inageuka nyeupe, au maumivu makali, au jicho linaona giza, asilale nalo hadi asubuhi, akimbilie hospitali saa ileile, maana fila ikiziba mshipa wa damu kinachohesabiwa ni dakika. Alinitazama kama namtisha. Labda wewe atakusikia.

Miadi yangu ni Alhamisi ijayo. Picha itafika kabla ya hapo? Usiikate wala kuing'arisha, tafadhali, itume kama ilivyo. Na ukiwa unaitafuta, nitazame vizuri: jicho la kulia lilikuwa na uvimbe kidogo kwa chini, au naota? Ulikuwa unaniona mchovu kweli siku zile, au ni watu tu? Mbona hukuwahi kuniambia kitu? Unaweza kuja na mtoto siku hiyo ya Alhamisi, mkae nami pale nje, hata robo saa? Au bado una hasira? Mtoto ameshaanza kushikashika nyuso za watu? Anamkataa mgeni, au anakubali kubebwa na yeyote?

Nijibu hata kama ni kunigombeza, ila picha itangulie.

Wako,
Saumu