Shangazi, Bibi Alikuwa Mjane Tangu 1958

Shikamoo shangazi.

Nimemwomba mjukuu wako akusomee barua hii taratibu, na akurudie kila utakaposema rudia. Nitakuja mwenyewe, lakini yapo maneno ambayo nikiwa mbele yako nitayameza. Nimeiandika wazi, na wengine waisome, kwa sababu Songea, Njombe, Kasulu na Kibondo ziko nyumba nyingi zenye mzee aliyekwenda mkonge, na habari zake zote ni maneno mawili: alikwenda, hakurudi.

Wewe ulikuwa na maneno yako juu ya babu, baba yako. "Yule alimezwa na mkonge, na mwenyewe alitaka kumezwa." Nimeyasikia tangu sijaanza shule. Baba yangu, kaka yako, hakukujibu hata siku moja. Alikuwa anainuka, anakwenda kuangalia mbuzi.

Baba alipofariki, sanduku la bati la bibi likaja kwangu. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichofungwa fundo, nikakuta kadi ya kazi. Kipande chenyewe, kile ambacho wazee wa mkonge hawakisahau: vyumba thelathini, kila siku uliyomaliza kazi chumba kimoja kinatiwa alama, na mshahara hauji mpaka siku 30 zitimie. Siku uliyolala na homa haimo. Kadi ya babu ni ya 1950, ina alama kumi na saba. Juu kuna muhuri wa shamba, upande wa Korogwe, na namba. Kutoka kwenye namba hizo ndipo watu wakaitwa manamba.

Nilianza vibaya. Nilidhani serikali ndiyo itakuwa na jina lake, kwa kuwa serikali ndiyo iliyomtoza kodi ya kichwa. Nikaomba kibali, nikakaa siku nne Nyaraka za Taifa pale Upanga, nikifungua sensa. Waingereza walituhesabu sisi Waafrika Agosti 1948 na tena Agosti 1957, na majedwali yakachapishwa na idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Wewe 1948 ulikuwa na mwaka mmoja, umo. Babu naye yumo. Lakini mmo kama punje za mahindi zilivyo ndani ya debe: kabila, wilaya, wanaume, wanawake, watoto, basi. Kwao Uingereza, kibarua wa shambani ameandikwa kwa jina, umri na kazi tangu sensa ya 1841, na kitukuu wake leo anamtafuta na kumpata. Walipokuja kutuhesabu sisi, walichotaka ni jumla, wajue kodi ni kiasi gani na mikono ya kazi iko wapi. Nilisoma na vitabu vya wilaya, vile walivyokuwa wanaandika mabwana shauri. Vimejaa machifu, koo na mipaka. Mkata mkonge hana ukurasa.

Katika majedwali ya 1957 niliweka kidole kwenye Wangoni waliokutwa Jimbo la Tanga. Nilijua kwamba kama alikuwa hai, yumo ndani ya tarakimu ile. Nilikaa nayo muda mrefu, karani akaja kuniuliza kama nimemaliza.

Ndipo nikarudi nyumbani, parokiani. Najua ofisi ile huipendi, na sasa nakuelewa kuliko zamani.

Wabenediktini walifika Peramiho 1898. Misheni ikachomwa moto wakati wa Maji Maji, 1905, ikajengwa upya, na parokia nyingi za kwetu zikatoka humo, kila moja na vitabu vyake: vya ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu. Kilatini kitupu, mwandiko wa Kijerumani uliolala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Katekista mzee alikaa nami siku mbili, tukasoma herufi kwa herufi.

Babu yuko katika kurasa za 1930. Umri, "circa 9", yapata miaka tisa. Wazazi, "pagani". Neno hilo liliniuma, shangazi. Watu waliotoka salama katika vita na njaa iliyofuata, wakamlea mtoto mpaka akaenda darasani kujifunza katekisimu, wameingia kitabuni kwa kile ambacho hawakuwa. Lakini majina yao yapo, yote mawili, na la mama yake hakuna yeyote katika ukoo aliyekuwa bado analijua. Nitakunong'oneza nikija.

Sasa sikiliza habari ya pambizo. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, iwe wapi, paroko aliyeifungisha apeleke taarifa kwa paroko wa mahali alipobatizwa, na ndoa ile iandikwe pambizoni mwa jina lake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu alioa mbali, huna haja ya kuzunguka nchi nzima. Unatazama pale alipobatizwa. Pambizoni mwa babu kuna ndoa moja, Novemba 1943, na bibi. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe.

Simsafishi. Mtu anaweza kukaa na mwanamke bila kupita kanisani. Lakini ile hadithi ya harusi ya Tanga, ya pete na kengele, ambayo wanakijiji walikuletea ukiwa msichana na ikakuliza mwaka mzima, ilipaswa kuacha alama hapa. Haikuacha.

Nikafungua ubatizo wako, Julai 1947. Jina la baba lipo, na pembeni yake padri kaandika "absens". Hayupo. Hilo ulilijua bila kitabu. Wakati wa vita Wajapani walipochukua Java na Ufilipino, 1942, kamba za meli za Waingereza zikawa zinategemea mkonge wetu, hadi watu wakakamatwa kwa nguvu kwenda kuukata. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua kutoka mbali, wakaiita SILABU. Bibi alikuwa akilitamka kama jina la mtu. "Silabu alimchukua mume wangu." Nikiwa mtoto nilimwogopa huyo Silabu, nikidhani ni jitu fulani linalokuja na lori usiku. Lori lilikuja mchana, mwanzoni mwa 1947, na bibi alikuwa na mimba yako.

Kurasa chache mbele, Septemba 1951, nikakuta kitu ambacho sikukitafuta. Mlikuwa watatu, shangazi. Mtoto wa kiume, kabatizwa nyumbani na katekista siku ileile aliyozaliwa, "in periculo mortis", katika hatari ya kufa. Siku mbili baadaye yuko katika kitabu cha marehemu. Pengine unakumbuka kilio bila kukumbuka kilikuwa cha nini. Baba wa mtoto ni yuleyule. Hesabu miezi kurudi nyuma, unafika Desemba 1950, na kile kipande cha 1950 bibi asingekifunga kwenye kanga yake kama mwenyewe hakukileta. Umesema miaka yote kwamba hakurudi hata mara moja. Alirudi. Ulikuwa na miaka mitatu.

Kwa nini akaondoka tena? Vita vya Korea vilikuwa vimeipandisha bei ya katani kupita kiasi, mashamba yakawa yanalilia watu. Na nyumbani kodi ilikuwa inadaiwa kwa shilingi, na shilingi kwetu ilikuwa haioti.

Nimekwenda Tanga. Kutoka Songea ni zaidi ya kilomita 1,000. Mimi nimelala ndani ya basi, nimekunywa chai Morogoro. Wao walipakiwa nyuma ya malori. Mashamba mengine bado yapo, mistari imenyooka mpaka inachosha macho, na kila jani lina mwiba nchani kama sindano ya gunia. Mzee mmoja aliyekuwa mkataji alinionyesha mikono yake. Walikuwa wanafunga majani thelathini thelathini, wanayabeba begani mpaka kwenye reli ndogo, troli inayapeleka korona, mashine ya kuyachambua, na harufu ya korona, alisema, unaoga haitoki. Aliwakumbuka Wangoni kwa kuimba. Hakumkumbuka babu, na sikumlazimisha.

Mapadri Warosmini walifika Tanganyika 1945, wakahudumia kambi nyingi za mkonge upande ule. Vitabu vyao vina mwandiko mwingine kabisa, wa Kiingereza, na majina yetu yaliwashinda. Jina la ukoo wetu, ambalo linaanza na h, limeandikwa bila h. Nilipoteza siku nzima kabla sijaligundua hilo, nikarudi mwanzo.

Yupo mara mbili. Mara ya kwanza, 1953, ni msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa mtu mwingine wa Songea. Kumbe aliaminiwa; alisimama mbele ya altare na mtoto wa mwenzake mkononi, miaka miwili baada ya kufiwa na wa kwake, na kama habari za msiba ule zilikuwa zimemfikia ama la, kitabu hakisemi.

Mara ya pili ni Januari 1958, kitabu cha marehemu. Miezi mitano tu baada ya kuhesabiwa. Nakuandikia kama ilivyo. Umri, 37. "Ex Songea", wa kutoka Songea. Kisha "animam Deo reddidit", alimrudishia Mungu roho yake. Aliungama, akapakwa mafuta matakatifu, akazikwa makaburi ya kambi. Sababu ya kifo haina safu yake. Lakini ipo safu ya mwenzi wa ndoa, na ndani yake kuna jina la bibi.

Si lile la ubatizo, shangazi. Ni jina lake la Kingoni, la utotoni, ambalo mimi nililisikia siku ya msiba wake tu. Padri wa Kizungu, umbali ule, asingeweza kulitunga. Alitajiwa.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Kilichonifanya nilie si kifo. Ni kwa sababu nilianza kumfikiria bibi.

Unajua kwa nini habari haikufika? Sheria ile iliyoamuru ndoa iandikwe pambizoni haikuamuru kifo kiandikwe. Padri wa Tanga alijaza kitabu chake kama alivyotakiwa, akakifunga. Huku nyumbani kitabu kikaendelea kusema kwamba mwanamke huyu ana mume. Akamngoja mpaka 1966. Alipoanza kukaa na mzee wetu, yule aliyekuwa baba kwako, aliyekufundisha kusuka mikeka, paroko wa wakati ule alimwita akamwambia hawezi kupokea komunyo: mume wake yuko hai mpaka iletwe karatasi ya kumwonyesha amekufa. Mimi nilikuwa nakaa naye kwenye benchi la nyuma. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye anakunja magoti pembeni nipite. Nilidhani ni uzee.

Na 1994, unakumbuka, tulimzika na katekista. Bila misa. Ulisimama kaburini hukulia, ukasema kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba hata hili amemfanyia yule wa mkonge.

Karatasi ilikuwepo. Wakati wote ule, miaka minane kabla hajaanza kukaa na mzee na miaka yote iliyofuata, ilikuwepo Tanga katika kabati la mbao, jina lake likiwa limeandikwa ndani. Alikuwa mjane, huru kuolewa madhabahuni na mzee wetu kama angetaka, na hakuna aliyemwambia.

Nimepeleka nakala kwa paroko wetu wa sasa. Ni kijana, alisoma akanyamaza, akasoma tena. Amekubali kuandika kifo cha babu pambizoni mwa ubatizo wake, ili kitabu kiache kusema uongo juu ya bibi. Anataka vitu viwili: cheti chenye muhuri kutoka Tanga, ambacho ninacho, na barua ya kuomba kutoka kwa mtoto wa marehemu. Mtoto aliyebaki ni wewe.

Nimeomba pia ile misa ya bibi. Tarehe sijaitaja, nangoja neno lako.

Sikuombi umsamehe babu leo. Alikwenda mara mbili, na mara ya pili alikuacha unatembea na unaongea, uwezo wa kumshika shati ulikuwa nao. Hilo ni lako. Barua kwa paroko haina haja ya kumtaja kwa wema. Iseme tu kwamba wewe ni binti yake, na kwamba unaomba kifo chake kiandikwe.

Kama mkono hautaki kuandika, sema wewe, mjukuu aandike, kisha weka dole gumba. Nakuja Jumamosi na cheti. Nitakusomea safu ile ya mwenzi wa ndoa, jina la bibi kama padri yule alivyolisikia kutoka kinywani mwa babu.

Mwanao,
mtoto wa kaka yako.