Ripoti za viwanda vya korosho zitupe uzito wa maganda na saa za vibarua

Ndugu Mhariri,

Ripoti za kampuni kuhusu mazingira na jamii zinatufikia huku Mtwara na Lindi zikiwa na picha nzuri: madawati, kisima, hundi ya kadibodi ndefu kuliko anayeipokea. Kinachokosekana ni namba ambazo mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuzikagua. Nachukua ubanguaji wa korosho kama mfano, maana wengi wetu tunaujua kwa mikono.

Tuanze na maganda. Katika kilo 100 za korosho ghafi, takribani kilo 70 ni ganda. Kiini ni kati ya kilo 20 na 25, na kinachosalia ni ngozi ya ndani, unyevu na zilizooza. Kwa hiyo kiwanda kilichobangua tani 1,000 kimezalisha karibu tani 700 za maganda, kipende kisipende. Ripoti ikisema taka zote za mwaka ni tani 40, huhitaji mtaalamu; uliza tani 660 ziko wapi. Huenda yamechomwa kwenye boila. Sawa, yaandikwe kama kuni, na moshi wake upimwe, kwa sababu moto usipokolea mafuta ya ganda hutoa moshi unaowasha macho na koo. Huenda yameuzwa kwa wakamuaji wa mafuta hayo. Basi stakabadhi za mizani zipo. Au yamerundikwa nyuma ya ukuta yakisubiri mvua iyasombe kwenda bondeni. Mara nyingi si uongo. Mwandishi wa ripoti amehesabu kile tu kilichobebwa na lori la taka, kwa kuwa ndicho chenye ankara.

Kwenye ajali ndiko hesabu huharibika zaidi. Kanuni ya kupata kiwango cha ajali ni fupi: chukua ajali zilizomfanya mtu ashindwe kurudi zamu inayofuata, zidisha kwa 1,000,000, gawa kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Kampuni nyingine huzidisha kwa 200,000, yaani watu 100 wakifanya saa 40 kwa wiki 50. Njia zote mbili zinakubalika, ila kwa ajali zilezile ya pili hutoa namba ndogo mara tano. Ripoti isiyosema imetumia ipi hailinganishwi na nyingine yoyote.

Sasa waingie vibarua. Tuseme kiwanda kina waajiriwa 80, kila mmoja saa 2,000 kwa mwaka: jumla 160,000. Msimu ukifika wanaongezwa vibarua 300 kupitia wakala, siku 120 kwa saa 8: jumla 288,000. Wameumia waajiriwa 2 na vibarua 7. Kwa kanuni ya milioni, ukihesabu waajiriwa peke yao unapata 12.5. Ukihesabu wote, ajali 9 kwa saa 448,000, unapata 20.1. Hakuna aliyeghushi, imetumika orodha ya mishahara badala ya daftari la getini. Kibaya kupita hicho ni saa za vibarua kuingizwa huku majeraha yao yakiachwa kwa wakala. Hapo kiwango kinashuka hadi 4.5, na kampuni inajipongeza. Viwango vya GRI, yaani mwongozo wa kimataifa wa kuandika ripoti za aina hii, ambavyo kampuni nyingi hujinasibu navyo, katika namba 403 vinataka pia watu wasio waajiriwa ambao kazi yao au eneo lao la kazi liko chini ya kampuni. Kuna pia mchezo wa kumpa aliyekatwa kidole kazi nyepesi ya kuchambua kesho yake, ili asihesabike amekosa zamu. Na kibarua anayelipwa kwa kilo akibaki nyumbani siku tatu, hakuna daftari linaloshtuka.

Vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda vina kipengele chao, ugonjwa utokanao na kazi. Kikiandikwa sifuri, tazama glavu zilizonunuliwa. Jozi 600 kwa wabanguaji 300 ni jozi mbili msimu mzima.

Hewa ukaa ni rahisi kuliko inavyotangazwa. Lita moja ya dizeli hutoa takribani kilo 2.68. Jenereta inayokula lita 20 kwa saa, saa 6 kwa siku, siku 26, inatumia lita 3,120 kwa mwezi, sawa na tani 8.4. Kosa la kawaida ni kuhesabu dizeli iliyonunuliwa bila kutoa iliyobaki tangini, au kusahau malori kwa kuwa ni ya kukodi.

Vipimo vya moshi na vumbi vinahitaji mtu anayejua pepo. Wakati wa kusi kifaa kikiwekwa upande wa kusini wa kiwanda, hewa itasomeka safi msimu mzima. Kiwekwe kimoja upepo unakotoka na kingine unakokwenda, tena kiangazi, si siku ya mvua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kikomo cha mikrogramu 45 za vumbi la PM10, yaani chembe laini zinazovutwa kwa pumzi, kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24.

Upande wa jamii nina malalamiko moja tu: ushuru wa huduma ni deni la kisheria kwa halmashauri. Kuuandika kwenye ukurasa mmoja na madawati kama “mchango wetu” si sahihi.

Mwisho, someni barua ya mhakiki wa nje aliyeipitia ripoti. Ikiwa imeandikwa kwamba hakuna lililomfikia la kumfanya aamini kuna kosa kubwa, huo ni uhakiki mwepesi: ameuliza maswali na kupitia baadhi ya karatasi. Hajapima ganda hata moja.

Ombi langu kwa viwanda vya Mtwara, Masasi, Newala na Lindi ni karatasi moja ya Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kata: tani zilizobanguliwa, tani za maganda na yalikokwenda, saa za waajiriwa na za vibarua zikitenganishwa, majeraha ya kila kundi, lita za dizeli, pamoja na namba hizohizo za mwaka uliotangulia. Zote tayari ziko kwenye mizani, getini na stoo.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara