Kabla hujaipeleka barua yako

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Najua nina deni la barua yako tangu mwaka jana, nami naomba radhi kwa kimya hicho; lakini juzi Zuhura ameniambia kwamba unakusudia kumwandikia mkuu wako wa kazi kuomba kazi ya nusu siku, nikaona nisilale kabla sijakuandikia.

Imesadifu kwamba wiki hii nimemaliza kusoma kumbukumbu za Michelle Obama, zile alizozichapisha mwaka 2018. Nilitarajia habari za ikulu, kumbe kurasa zilizonishika ni za miaka ya Chicago, alipokuwa mtumishi wa chuo kikuu, mama wa mtoto mchanga, na mumewe yuko mbali na nyumbani kwa shughuli za siasa. Baada ya kumzaa Malia mwaka 1998 aliomba saa zake zipunguzwe, kama unavyotaka wewe. Anasimulia kwamba mshahara ulikatwa nusu, ila kazi haikukatwa: vikao vilikuwa vilevile na majukumu yaleyale, yote yakabanwa ndani ya saa 20 kwa wiki. Akiwa ofisini anamwazia mtoto, akiwa na mtoto anaiwazia ofisi, na kote anajiona mkosaji. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakukumbuka, maana nakufahamu: huwezi kuacha faili limelala mezani ukaenda zako nyumbani.

Sasha alipozaliwa mwaka 2001, mama huyo alikuwa karibu kuacha kazi kabisa. Akaitwa kwenye usaili katika hospitali ya chuo hicho, yaya hakupatikana, naye akambeba mtoto akaenda naye. Alitaja mshahara anaoutaka na uhuru wa kupanga saa zake, akapewa kazi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakumficha mtoto. Mimi niliwahi kuaga kazini kwamba nina miadi ya daktari, kumbe naenda kwenye kikao cha wazazi, na mpaka leo uongo ule unaniuma.

Lakini ukurasa ulionitoa machozi ni ule wa chakula cha jioni. Mumewe alikuwa akiahidi kufika na hafiki, watoto wakingojeshwa mpaka usingizi uwazidi. Mwishowe akaweka saa: chakula saa 12 na nusu jioni, kuoga saa 1, taa kuzimwa saa 2, na aliyeko nje ndiye awakimbilie, wao wasikae wakimngoja. Rehema, kwangu mchelewaji ni mimi, si Baba Salma. Jumanne iliyopita niliingia nikamkuta Salma amelala mezani, shavu juu ya daftari, penseli bado i mkononi, na hesabu aliyoiandika imejichapa shavuni. Baba yake akaniambia kwamba alikataa kula mpaka nifike, kwa sababu asubuhi nilimwahidi tutakula pamoja. Nilimfuta shavu kwa kidole, wala hakuamka. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba chakula kina saa yake, na ni juu yangu kuiwahi.

Sisemi kila alichokifanya tutakiweza. Alikuwa na mama yake karibu, bibi aliyefika kabla ya mapambazuko kukaa na wajukuu ili binti yake aende mazoezini, na kitabu hakilifichi jambo hilo. Asiye na mama karibu atafanyaje? Ndipo nawaza juu yako, tangu mama alipohamia kwa kaka yako.

Narudi kwenye barua yako. Sikukatazi kuiandika. Nakuomba tu usiombe kupunguziwa saa peke yake; orodhesha kazi zitakazokutoka mikononi, na kwa kila moja utaje nani ataipokea, kisha mkuu wako atie sahihi. Bila hivyo nakuona ukiibeba kazi yote kwa nusu ya malipo, usiku, watoto wamelala.

Je, umeshazungumza na shemeji kuhusu mshahara utakaopungua? Na yeye atapunguza nini? Ni nani aliyekushauri nusu siku, au ni uchovu tu? Unalala saa ngapi siku hizi? Na ningekuletea kitabu hiki mwisho wa mwezi, ungepata nafasi ya kukisoma? Tafadhali nijibu kabla hujaipeleka barua hiyo.

Wako akupendaye,
Mama Salma