Hindi lako lina mapengo? Usiilaumu mbegu kwanza

Mama mmoja wa Njiro, hapa Arusha, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia dukani na kikapu, akapanga mahindi matamu sita juu ya kaunta bila hata salamu. Si kawaida yake. "Mmeniuzia mbegu mbovu," akasema.

Nikamenya la kwanza. Punje tatu huku, mbili kule, katikati gunzi jeupe tupu. Kibogoyo kabisa. La pili hivyohivyo. Nikamuuliza aliyapanda wapi. "Kando ya ukuta. Mstari mmoja mzuri, kutoka getini mpaka kwenye tenki la maji."

Basi, ugonjwa ukajulikana, na mbegu haimo. Mbegu mbovu haioti, au inaota kinyonge. Yake iliota, ikarefuka, ikabeba. Kilichokosekana ni chavua, ule unga wa njano wa maua.

Tulilichukua hindi moja changa kati ya yale sita, nikalibandua maganda taratibu bila kung'oa ndevu, nikamwonyesha: kila uzi wa ndevu umeanzia kwenye punje yake. Nyuzi mia tano, punje mia tano. Chavua inatoka kwenye mbelewele, yaani ua la kule juu kileleni, inadondoka au inapeperushwa na upepo, inanasa kwenye ndevu. Uzi usiopata chavua, punje yake haijai, na hapo unapata pengo. Ukipanda mstari mmoja, upepo ukivuma kutoka ukutani, chavua yote inaishia barabarani kwa bodaboda.

Kwa hiyo panda kwa mraba. Miche 16 katika mistari minne ya miche minne minne inatosha kwa kuanzia. Acha sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya miche, nayo itakaa kwenye kipande cha kama mita tatu kwa mita moja na nusu. Kama eneo ni dogo zaidi ya hapo, isaidie kwa mkono: asubuhi umande ukishakauka, tikisa mbelewele juu ya karatasi safi, utaona unga wa njano, kisha unyunyize kwenye ndevu mbichi. Rudia siku tatu nne mfululizo, kwa sababu ndevu hazitoki zote siku moja. Na wakati huo usikose kumwagilia. Mahindi yakipata kiu ndevu zikiwa zinatoka, hata mraba hautakuokoa.

Lalamiko la pili tunalolisikia sana: "Yamejaa vizuri, lakini utamu hakuna, ni kama mahindi ya ugali." Hapa tunauliza kuhusu jirani. Utamu wa mahindi matamu unapotea yakichavushwa na mahindi ya kawaida. Punje iliyopokea chavua ya mahindi ya ugali inajaza wanga msimu huohuo, wala haisubiri kizazi kijacho. Nasi hapa Arusha masika ikianza, nani hajapanda mahindi? Hata kwenye hifadhi ya barabara yapo. Ukipanda mahindi matamu Machi pamoja na mtaa mzima, usishangae. Ushauri wetu ni kusubiri. Panda mwishoni mwa Agosti au Septemba, mahindi ya majirani yakiwa yameshavunwa na baridi ya Juni na Julai imepita, halafu umwagilie. Mbegu hii haipendi udongo wa baridi.

Na mkiifungua pakiti msishtuke. Mbegu ya mahindi matamu imekunjamana kama zabibu kavu, na wateja wengi wanadhani tumewauzia ya mwaka juzi. Ndivyo ilivyo: imebeba sukari badala ya wanga, ikikauka inasinyaa. Akiba yake ya chakula ni ndogo, kwa hiyo usiifukie chini sana, sentimita mbili na nusu hadi tatu zinatosha, kwenye udongo wenye unyevu usiotuama maji. Weka mbili kila shimo, baadaye ubakize mche ulio na afya. Rangi ile nyekundu ni dawa ya kuzuia ukungu: nawa mikono, na zilizobaki usiwape kuku. Kuku wenyewe wafungie wiki mbili za mwanzo, maana watafukua shimo moja baada ya lingine kana kwamba wana ramani.

Mbolea haina makuu. Samadi iliyooza vizuri kwenye shimo, viganja viwili, na miche ikifika magotini kifuniko kimoja cha soda cha urea kwa kila mche, mbali kidogo na shina.

Viwavijeshi vamizi tumekuwa nao tangu 2017 na hawajaondoka. Kwa miche 16, sisi wauza dawa tunakwambia usinunue dawa. Chungulia ndani ya moyo wa mche kila siku mbili; ukiona majani yana matundu na uchafu kama unga wa mbao, yumo. Mtoe, mponde.

Kuvuna ndiko wengi wanakochelewa, kwa kuwa tumezoea kusubiri mahindi ya kuchoma yakomae. Haya usiyasubirishe. Hesabu kama siku 20 tangu ndevu zitokeze. Zikiwa za kahawia na zimekauka nchani, fungua ganda kidogo, toboa punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe kama maziwa, vuna. Maji yakiwa kama ya bombani, bado. Ikitoa ujiuji mzito, umechelewa. Vuna asubuhi, sufuria ikiwa tayari jikoni, maana sukari inaanza kugeuka wanga tangu hindi linapokatwa.

Mbegu tunapima hata kwa gramu chache, huna haja ya pakiti nzima. Ukija, njoo na vipimo vya bustani yako na utuambie jirani amepanda nini. Tutakuchorea mistari hapohapo kaunta. Mbegu yenyewe ni chotara, yaani imezalishwa kwa kuchanganya aina tofauti, kwa hiyo usitunze punje za kupanda msimu ujao.

Yule mama tulimchorea yake nyuma ya risiti: mraba, kati ya tenki na kamba ya kuanikia nguo. Akaikunja, akaiweka kwenye pochi. "Na pale ukutani?" Nikamwambia apande sukuma wiki.